Usiulize Sola Ngapi, Uliza Nguzo ya Ngapi

Saa sita na robo mchana, jua la utosi, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa sola uwe wa soketi) ya mama mmoja anayeuza barafu na juisi ilizima yenyewe. Taa ya kijani ikageuka nyekundu. Majokofu hayakuzima, maana yaliendelea kula umeme wa nguzo, lakini paneli 12 juu ya paa zikabaki zinaota jua bila kazi. Baada ya dakika chache inveta ikawaka, ikafanya kazi kidogo, ikazima tena. Ikawa hivyo mpaka alasiri. Mama wa watu akaamini kabisa kwamba ameuziwa kitu feki.

"Mwanangu, hela ile ni ya mkopo," aliniambia. "Nimefunga sola inayokataa jua?"

Fundi alipofika hakugusa paneli. Alichomeka kipimo kwenye soketi ya ukutani na kutuonyesha: volti 254. Akatuambia tusubiri jioni. Saa mbili usiku, mtaa mzima umewasha taa, televisheni na pasi, tukapima soketi ile ile: volti 208. Nyumba moja, waya mmoja, siku moja, na tofauti ya volti 46 kati ya adhuhuri na usiku.

Inveta haikuwa mbovu. Ilikuwa inatii. Imepangwa kwamba umeme wa laini ukipita volti 253, yaani asilimia 10 juu ya 230, ijitoe isije ikaunguza vitu vya watu. Sasa nani aliyeupandisha umeme wa laini hadi 254? Ni inveta yenyewe, ikirudisha umeme wa ziada kwenye laini, ikisaidiana na nyingine ya karakana ya kuchomelea iliyo nguzo mbili kabla ya kwake. Wawili hao walikuwa wanasukumana bila kujuana.

Nimeanza na soketi hii kwa sababu mjadala wetu wa umeme jadidifu huishia juu sana. Tunataja megawati za nchi, asilimia za malengo, picha za paneli zinazong'aa. Wahandisi wa usambazaji wanajua kwamba swali gumu liko chini, mtaani: mtambo huu mdogo unaingia kwenye laini ipi, nguzo ya ngapi, fezi ipi kati ya zile nyaya tatu za moto, saa ngapi? Kilowati tano zilizo karibu na transfoma hazisikiki. Kilowati tano hizo hizo zikiwekwa nguzo ya mwisho zinaweza kuusumbua mtaa, au zikauokoa. Nasema "kuokoa" kwa makusudi, na nitalirudia neno hilo mbele.

Laini za kusambaza umeme zilichorwa kwa wazo moja, kwamba umeme unashuka kama maji ya mfereji. Unatoka kituo cha kupoza ukiwa na msongo wa kilovolti 33 au 11, unafika kwenye transfoma ya mtaani, unashushwa kuwa volti 400 kwa fezi tatu na 230 kwa fezi moja, kisha unasonga nguzo hadi nguzo huku ukipungua njiani. Mhandisi anajua kwamba mtu wa nguzo ya mwisho atapata kidogo, kwa hiyo anainua kianzio. Kwenye transfoma mna swichi yenye ngazi kadhaa, mafundi huiita tapu, nayo huwekwa juu kiasi, volti 240 au zaidi, ili jioni mtaa ukielemewa mtu wa mwisho asibaki na balbu nyekundu. Ni uamuzi wa huruma. Lakini nafasi iliyobaki juu, kati ya 240 na 253, ndiyo nafasi yote ambayo sola imeachiwa.

Hesabu yake si ngumu. Waya wa alumini wa milimita 50 za mraba una ukinzani wa takribani omu 0.7 kwa kilomita ukiwa umepata joto. Tuchukue nyumba iliyo mita 300 kutoka transfoma. Umeme wa fezi moja unakwenda kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine, kwa hiyo njia nzima ni mita 600 na ukinzani wake ni omu 0.42. Kilowati 5 zikirudishwa kwenye laini kwa volti 240 ni ampia 21 hivi. Zidisha ampia 21 kwa omu 0.42, unapata volti 9. Mtu mmoja akirudisha umeme pale, soketi yake inasoma 249. Inavumilika. Wakiwa watatu, wote mwisho wa laini na wote fezi moja, ongezeko linakuwa karibu volti 27. Hapo ni 267, na hakuna inveta iliyopangwa vizuri itakayobaki imewaka.

Lakini wachukue hao hao watatu, uwagawe mmoja kila fezi. Waya wa kurudia, ule wa nyutro, unabaki karibu mtupu kwa sababu mikondo ya fezi tatu inafutana. Kila mmoja anaathiriwa na waya wa kwenda peke yake, mita 300, omu 0.21. Ongezeko linashuka hadi volti 4 na kitu. Soketi inasoma 244. Paneli ni zile zile, nyumba ni zile zile, jua ni lile lile. Kilichobadilika ni fundi kupanda nguzo na kuhamisha nyaya mbili. Ndiyo maana nasikitika ninaposikia kauli ya jumla kwamba "gridi yetu haiwezi kubeba sola". Laini ipi hiyo isiyoweza? Imepimwa lini?

Hata walio mbali mbele yetu walijikwaa hapa. Australia ni miongoni mwa nchi zenye paa nyingi zaidi za sola duniani kwa idadi ya watu wake, na kwa miaka mingi kila malalamiko ya umeme kupanda yalibebeshwa paneli. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha New South Wales walichambua vipimo vya umeme wa majumbani na kukuta kwamba umeme ulikuwa juu ya 230 karibu wakati wote, hata usiku wa manane ambapo hakuna paneli inayofanya kazi. Chanzo kikubwa kilikuwa zile tapu zilizowekwa juu tangu enzi za umeme kushuka tu. Sola iliongeza tone kwenye ndoo iliyokwisha kujaa. Kushusha tapu ngazi moja ni kazi ya kukata umeme kwa muda mfupi, kugeuza swichi, kupima na kuondoka. Lakini huwezi kuifanya kwa kubahatisha, maana ukishusha bila kupima, yule wa nguzo ya mwisho atakosa umeme wa kutosha saa mbili usiku. Lazima ujue pande zote mbili, mchana na jioni, na hapo ndipo kampuni nyingi za usambazaji zinapokwama: hazina kipimo chochote baada ya transfoma. Zinajua umeme ulioingia kwenye laini kubwa na zinajua tokeni zilizouzwa. Katikati ni giza.

Sasa upande wa kuokoa.

Umeme unaosafiri mbali unapotea njiani kwa kupasha waya joto, na upotevu huo unakua kwa mraba wa mkondo: mkondo ukiongezeka mara mbili, upotevu unakuwa mara nne. Kwa hiyo kipande cha mwisho cha laini ndefu, ndani ya saa nzito, ndicho ghali kuliko vyote. Ukizalisha umeme pale pale unapotumika, umepunguza mkondo katika urefu wote wa laini. Nchini Kenya upotevu wa mfumo, ukijumlisha wa waya na ule wa wizi na mita mbovu, uko kwenye takribani asilimia 23. Sola haitazuia wizi, lakini sehemu ya waya inaigusa moja kwa moja. Na tuseme ukweli wote: faida hiyo ina kilele. Uzalishaji ukilingana na matumizi ya jirani, upotevu unashuka. Ukizidi mno, umeme unaanza kupanda laini kurudi kwenye transfoma na kituo cha kupoza, na upotevu unapanda nao. Mchoro wake ni kama bakuli. Tunachotaka ni kukaa kwenye kitako cha bakuli, na mahali kitako kilipo ni tofauti kwa kila laini.

Tanzania tuna mfano wa siku nyingi ambao hautajwi inavyostahili. Mufindi, mkoani Iringa, kituo cha maji cha Mwenga chenye megawati 4 kilianza kazi mwaka 2012. Kinaiuzia TANESCO kupitia msongo wa kilovolti 33, na wakati huo huo kina mtandao wake unaohudumia vijiji vya jirani. Baadaye zikaongezwa mashine za upepo zenye jumla ya megawati 2.4. Ukilinganisha na Bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo 9 ya megawati 235, jumla 2,115, Mwenga ni kijito. Lakini kijito kile kiko huko juu Mufindi, mwishoni mwa laini, mahali ambapo kila kilowati ya mbali ingefika imechoka.

Nimesikia watu makini wakisema kwamba baada ya bwawa kubwa kukamilika, habari ya mitambo midogo imepitwa na wakati, umeme tunao wa kutosha. Naona hoja hiyo inachanganya mambo mawili. Umeme wa kutosha kwenye gridi ya Taifa hauongezi hata volti moja kwenye soketi ya nguzo ya mwisho ikiwa waya wa kuufikisha ni mwembamba na mrefu. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya kanda ya kaskazini, na miongoni mwa sababu alizotaja ni upotevu wa umeme unaosafirishwa umbali mrefu kutoka unakozalishwa. Yaani nchi yenye umeme wa kutosha ilikuwa inakiri kwamba mahali ulipo umeme ni bei. Kama hilo ni kweli kati ya Rufiji, liliko bwawa, na Kilimanjaro, ni kweli pia kati ya kituo cha kupoza cha wilaya na kijiji cha mwisho.

Jambo la pili linalohitaji uangalifu zaidi ni ulinzi, na hapa sitanii na roho za watu. Nguzo ikianguka au tawi likigusa waya, rilei, kifaa cha ulinzi kilichopo kituo cha kupoza, huona mkondo mkubwa wa ghafla na kuikata laini. Imezoea kwamba mkondo wote wa hitilafu unapita mbele yake. Ukiweka mtambo wa maji katikati ya laini ndefu, nao ukachangia mkondo wa hitilafu mara tano au sita ya ule wa kawaida, rilei ya kituoni inaona sehemu tu ya kinachotokea. Inaweza kuchelewa, au isione kabisa. Inveta za sola hazina tabia hiyo, mkondo wake wa hitilafu unazidi wa kawaida kidogo tu, lakini zina tatizo la kinyume: kwenye mtandao ulioegemea sana inveta, hitilafu inaweza kufanana na matumizi ya kawaida, na kinga za zamani zinaidharau.

Halafu kuna rikloza, zile swichi za juu ya nguzo zinazokata laini na kuirudisha zenyewe baada ya muda mfupi sana, kwa matumaini kwamba tawi limekwisha kudondoka. Ikiwa mtambo mdogo uliendelea kukilisha kile kipande kilichokatwa, kwa muda huo mfupi umeme wake umeshatengana na mdundo wa gridi, yaani kasi ya mawimbi ya umeme inayopimwa kwa hezi. Rikloza inaporudisha, mawimbi mawili yasiyoendana yanagongana. Shafti za mitambo zimewahi kuvunjika kwa njia hiyo.

Na kuna fundi wa laini. Inveta halali ya kuunganishwa na gridi hujizima yenyewe laini inapokatika, ndani ya sekunde mbili kwa viwango vingi. Hatari inayoninyima usingizi mimi ni ile isiyo halali: jenereta au inveta ya betri iliyounganishwa nyumbani bila swichi ya kutenganisha. Umeme ule unatoka nyumbani, unapita kwenye transfoma kinyumenyume, na ile iliyokuwa volti 230 inageuka kilovolti 11 au 33 juu ya nguzo ambako kijana amepanda akiamini laini imekufa. Kila fundi wa laini mwenye miaka kazini anazijua habari za namna hiyo. Ndiyo maana hupima kwanza, na hufunga waya wa ethi, wa kupeleka umeme ardhini, pande zote mbili kabla ya kugusa.

Kwa hiyo naunga mkono usajili wa lazima kwa kila mtambo unaogusana na laini, hata wa kilowati moja. Lakini usajili unaochukua miezi, wenye ada isiyoeleweka na mkaguzi asiyefika, ni usajili unaowafukuza watu. Afrika Kusini ilionja hayo. Mgao wa umeme ulipokuwa mkali, watu walifunga sola kwa kasi ambayo hakuna ofisi ingeweza kuifuata. Katikati ya mwaka 2023 Eskom, shirika la umeme la nchi hiyo, ilikadiria sola za paa zimefika takribani megawati 4,400, takwimu iliyopatikana kwa kuangalia jinsi mahitaji ya mchana yalivyobonyea, maana vitabuni hazikuwamo zote. Baadaye ikabidi wafute baadhi ya ada kwa muda ili wenye nyumba wajitokeze. Mtandao ukishafikia hapo, unaendeshwa kwa kukisia.

Ujerumani nayo ilijikwaa kwenye mpangilio mmoja mdogo. Sola za kwanza za majumbani huko zilipangwa zijitoe mara tu mdundo wa gridi ukifika hezi 50.2. Zilipokuwa chache haikuwa na maana yoyote. Zilikuwa ni adabu, mdogo anampisha mkubwa. Zilipofika maelfu ya megawati, wahandisi wakashtuka: siku gridi ikigusa 50.2, umeme mwingi kuliko akiba yote ya dharura ya Ulaya ya megawati 3,000 ungetoweka ndani ya kufumba na kufumbua. Mwaka 2012 ikatungwa kanuni ya kurudi nyuma na kurekebisha mitambo ipatayo 315,000, mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba. Kosa lilikuwa namba moja kwenye programu. Siku ya kufunga, kuibadilisha ni kubonyeza vitufe viwili.

Uingereza ilipata somo la jirani na hilo tarehe 9 Agosti 2019. Radi ilipiga laini kubwa, mitambo miwili mikubwa ikapungukiwa, na papo hapo takribani megawati 500 za mitambo midogo iliyotawanyika kwenye laini za usambazaji zikajitoa kwa sababu kinga zake zilikuwa nyepesi mno kushtuka. Mdundo ukaanguka hadi hezi 48.8, na wateja wapatao milioni moja wakakatiwa ili kuuokoa mfumo. Ile mitambo midogo haikuharibika. Ilifanya kile ilichoagizwa, na kilichoagizwa kilifaa enzi ambapo ilikuwa michache.

Hapa ndipo nchi za kwetu zina bahati ambayo hatuitumii. Paa zetu nyingi bado ni tupu. Inveta za leo zinajua kupunguza nguvu polepole umeme wa laini unapopanda badala ya kuzima ghafla. Zinajua kuvumilia mtikisiko mfupi bila kukimbia. Zinajua kunyonya au kutoa ile nguvu ya usumaku ambayo mota zinaihitaji, na kwa kufanya hivyo kushusha au kuinua volti. Uwezo huo umo ndani ya boksi uliloshanunua. Umezimwa tu, au umeachwa kwenye mpangilio wa nchi lilikotoka boksi. Kanuni ya ukurasa mmoja inayosema mpangilio wa nchi yetu ni huu, na fundi asiyeuweka hapati cheti, ingetupunguzia miaka ya taabu. Siioni sababu ya kusubiri sola zijae ndipo tuandike ukurasa huo.

Viwanda navyo vina shida ambayo wengi hawaielewi mpaka ankara ifike. Kiwanda kinachovuta kilowati 100 na kilovari 60 (kipimo cha ile nguvu ya usumaku wa mota) kina pawa fakta, yaani sehemu ya mzigo wote iliyo umeme wa kazi halisi, ya takribani 0.86. Kikifunga sola ya kilowati 70, mchana kinavuta kilowati 30 tu kutoka nje, lakini mota bado zinataka kilovari 60 zile zile. Pawa fakta inayoonekana kwenye mita inaporomoka hadi chini ya 0.45, na ankara inakuja na adhabu. Mwenye kiwanda anahisi anaadhibiwa kwa kufunga sola. Kampuni ya umeme nayo ina haki, maana waya na transfoma zake bado zinabeba ule mzigo wa usumaku ingawa haziuzi kilowati. Dawa ni kuiamuru inveta itoe sehemu ya usumaku huo au kuongeza kapasita, vifaa vinavyoutoa usumaku huo hapo hapo kiwandani. Ni jambo la kupangwa siku ya kusaini mkataba wa sola, si baada ya ankara ya tatu.

Tuje kwenye fedha, ambako sauti hupanda. Kenya iliweka msingi kwenye Sheria ya Nishati ya 2019 na kuutolea kanuni mwaka 2024: mwenye mtambo usiozidi megawati 1 anaweza kurudisha umeme kwenye laini na kupewa mkopo wa nusu, yaani uniti mbili ulizotoa zinafuta uniti moja uliyotumia. Wapo waliosema ni wizi. Siamini hivyo. Anayerudisha umeme mchana na kuuchukua usiku anaitumia laini kama ghala, na ghala lina gharama: nguzo, transfoma, magari, vijana wa zamu. Ukimlipa uniti kwa uniti, gharama hizo zinahamia kwa jirani asiye na paa wala mkopo wa benki, na mara nyingi jirani huyo ndiye maskini zaidi. Hawaii ilijifunza hivyo. Ilifunga mlango wa uniti kwa uniti kwa wateja wapya Oktoba 2015, baada ya baadhi ya laini kujaa sola kuliko matumizi ya mchana.

Ninachokataa ni nusu kuwa nusu kila mahali na kila saa. Uniti inayotoka saa saba mchana karibu na kituo cha kupoza haina thamani sawa na uniti inayotoka betrini saa mbili usiku kwenye nguzo ya mwisho. Ya kwanza huenda inaongeza tatizo. Ya pili inainua volti za mtaa mzima, inapunguza upotevu kwa mraba, na inaahirisha ununuzi wa transfoma kubwa. Kilele cha mahitaji ya Kenya na cha Tanzania kiko jioni, jua limezama. Bei isiyojua saa wala mahali inamfundisha mwenye paa kuzalisha pasipohitajika.

Australia Kusini imekwisha kwenda hatua ya mbele. Huko sola za paa ni nyingi kiasi kwamba tarehe 31 Desemba 2023 mahitaji ya jimbo zima kutoka gridi yalishuka chini ya sifuri, megawati 26 kwenda upande wa pili. Walishawahi mwaka 2021 kuzima sola za watu kwa mbali ili kulinda mfumo. Lakini hawakubaki kwenye kuzima. Mteja sasa anapewa kikomo kinachobadilika: siku nyingi anaruhusiwa kurudisha hadi kilowati 10, na laini ikielemewa kikomo kinashuka hadi 1.5 kwa muda, kisha kinapanda. Ukilinganisha na kumpa kila mtu kikomo kidogo cha kudumu, laini ile ile inabeba sola nyingi zaidi. Hilo linahitaji mawasiliano na vipimo, nasi hatuvipati kesho. Lakini hatua ya kwanza kuelekea huko haihitaji mtambo wowote wa kisasa: kila transfoma iwe na namba iliyoandikwa wazi, kila mteja ajulikane yuko fezi ipi, na kampuni ichapishe kwamba transfoma namba fulani bado ina nafasi ya kilowati kadhaa. Mwenye kutaka kufunga sola aitazame kabla hajakopa.

Baadhi ya mita za malipo ya kabla, nikumbushe, huhesabu umeme unaorudi kana kwamba umetumika, na nyingine hujifunga kabisa. Anayefunga sola bila kubadilishiwa mita anaweza kulipia umeme wake mwenyewe. Muulize fundi wako kabla hajapanda juu ya paa.

Yule mama wa barafu aliandikiwa na fundi barua fupi, imeambatanishwa na vipimo vya siku tatu, mchana na usiku. Baada ya wiki kadhaa gari la mafundi wa laini lilikuja. Kijana alipanda nguzo ya karakana, akahamisha waya wa mchomeleaji kwenda fezi nyingine, akashuka. Kazi haikufika nusu saa. Siku iliyofuata nilipita adhuhuri kununua juisi ya ukwaju. Taa ilikuwa ya kijani na soketi ilisoma 246. Nikarudi usiku kwa sababu nilitaka kujua. Ilisoma 209. Majokofu yalikuwa yananguruma kwa shida, na yeye alikuwa na karatasi mkononi yenye bei za betri tatu, akitaka nimsaidie kuchagua.